Kifua Kisichokohoa

Tangu nirudi, kila anayepita kibarazani kwangu ananiuliza mambo mawili. La kwanza, Dar es Salaam kulikuwaje. La pili, kwa nini begi langu bado liko mlangoni, limefungwa, karibu wiki nzima sasa. Nimechoka kusimulia kipande kipande. Huyu nampa kivuko, yule nampa soko, halafu mnakutana kisimani mnaunganisha wenyewe na kutoa hadithi ambayo hata mimi siijui. Jana nimesikia kwamba nilikatwa mkono. Mikono yangu yote miwili ninayo, mmoja unaandika na mwingine umeshika karatasi isipeperuke.

Nimeandika kwa herufi kubwa, ili ninyi wanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima msome wenyewe bila kumtuma mtoto awasomee. Neno msilolijua mniulize, msione haya. Mimi mwalimu wenu ndiye niliyeshindwa kusema neno moja, tena la silabi mbili, na nusu ya safari hii ilitokana na kushindwa huko.

Nyumbani mpaka stendi ya Masasi

Nilikigundua kile kivimbe nikiwa bafuni, upande wa kushoto, kigumu, ukubwa wa punje ya kunde. Nilikaa nacho mavuno yote ya korosho. Mume wangu aliona nimepoa, na kwa adabu yake hakuuliza. Mwisho nikaenda zahanati.

Mnamjua tabibu wetu, Hamisi. Huyo nilimfundisha a, e, i, o, u nikiwa nimemshika kidole. Nilipoingia alisimama kama yuko darasani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu wangu anasumbuliwa na nini?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Lakini nilipomtazama, nikamwona bado ana masikio yale yale ya darasa la kwanza, na lile neno likarudi tumboni. Nikasema, "Kifua, baba. Kifua kinanisumbua."

Akanipa dawa ya kikohozi. Nikainywa. Chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi ambaye sikukohoa hata mara moja, nikawa nakunywa dawa ya kikohozi asubuhi na jioni ili nisimtie kijana wa watu aibu, na nisijitie mimi. Kivimbe nacho kikawa kinakua kama vile dawa ile ni mbolea yake. Nilipomrudia mara ya nne Hamisi akaogopa kweli. Akanipa chupa nyingine na barua ya kwenda hospitali kubwa, Dar es Salaam, nikapigwe picha ya kifua.

Aliyenisindikiza mpaka Masasi ni somo yangu, Fatuma binti Nandonde, ambaye wengi wenu mnakaa naye dawati moja. Tunaitwa jina moja, ndiyo maana hatuitani ila "somo". Tulikaa juu ya begi langu tukingoja basi, tukila mihogo ya kuchoma. Akaniambia, "Kifua hicho hata mimi kinanisumbua, somo. Kitambo sasa." Nikamwambia pole, nikafungua begi, nikampa ile chupa ya nne ambayo sikuwa nimeigusa. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akaifunga kwenye pindo la khanga akanishukuru sana.

Mliweke hilo kichwani.

Masasi mpaka mtoni

Basi lilikuwa zima mpaka Nangurukuru. Hapo likaanza kutoa moshi ndani badala ya nje, tukashuka sote tukilia machozi. Dereva alitutangazia kwamba si tatizo. Tulilala hapo siku moja kwa sababu ya hilo lisilo tatizo.

Mtoni Rufiji maji yalikuwa yamejaa na kivuko kimefungwa kamba ng'ambo ya pili. Tukakaa siku mbili. Kuna mama pale anapika wali na kambale wa nazi. Naapa, kama si ugonjwa ningekaa wiki. Alinisikia nikitajwa "mwalimu" akanijia na barua ya mwanawe aliye jeshini, nimsomee. Nikamsomea. Akanijia mara ya pili nimsomee tena, na mara ya tatu akaniambia, "Sasa soma pale tu anaposema ameninunulia shuka." Kila usomaji ulilipwa kambale mmoja. Nilivuka mto nikiwa nimenenepa.

Ndani ya kivuko mzee mmoja aliniuliza ninakwenda mjini kufanya nini. Nikasema kifua. Akasogea mbali nami, akafunika pua kwa kanzu yake, na mke wake akafuata. Nikapata nafasi nzuri ya kukaa.

Mtoni mpaka Mtaa wa Sikukuu

Tuliingia Kariakoo saa nne asubuhi. Wifi yangu Mwajuma, dada wa mume wangu, ana vyumba viwili katika nyumba ya Mtaa wa Sikukuu, ile aina ya nyumba yenye ukumbi katikati na uani nyuma, na wapangaji kila mlango. Mwajuma anaongea kama cherehani. Kabla sijatua begi alikuwa ameshaniambia habari za wapangaji wote, na balozi wa nyumba kumi, na kwamba sukari haipatikani ila kwa foleni.

"Wifi, umepumzika? Haya, chukua kikapu, kuna foleni kule kona ya Mtaa wa Kongo, wamesema sukari imefika. Mimi nakoroga uji, tutapishana."

Nikaiona foleni, nikasimama. Nilisimama mpaka jua likahama upande. Nilipofika dirishani ndugu muuzaji akanipa betri mbili za redio. Nikamwambia nataka sukari. Akasema foleni ya sukari ni ile nyuma yangu. Wifi alicheka mpaka akakaa chini, na mpaka leo betri hizo zimo redioni mwake.

"Wifi yangu wewe! Mjini huingii foleni kabla ya kuuliza ni ya nini!"

Nikaitika. Kesho yake nikaenda hospitali nikaingia foleni nyingine bila kuuliza.

Foleni ya kifua

Karani wa dirishani alisoma barua ya Hamisi, akaniangalia, akauliza, "Kifua?" Nyuma yangu walikuwepo watu wengi, na wanaume. Nikasema, "Ndiyo, kifua."

Nikaelekezwa kwenye benchi la wanaokohoa. Nikapewa kikopo chenye kifuniko, nitemee makohozi. Jamani, makohozi ningeyatoa wapi? Nilikaa na kikopo changu nikijikakamua, nikikohoa kikohozi cha uongo, koo likaniuma, kikopo kikavu. Jirani yangu, baba mmoja wa bandarini, alikuwa amejaza cha kwake zamani. Akanitazama kwa huruma.

"Ndugu, nikusaidie kidogo? Si tuko kwenye ujamaa?"

Sikuwahi kucheka vile tangu nitoke nyumbani. Nikarudisha kikopo kitupu.

Siku hiyo filamu za eksirei zilikuwa zimekwisha. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa yake. Zilipopatikana nilikuwa nimesuka nywele na kuvaa hereni za dhahabu za mama yangu, kwa sababu wifi alisema huwezi kupigwa picha ukiwa ovyo. Fundi wa eksirei akaniambia niziweke pembeni, picha yake haionyeshi uzuri. Akanisimamisha, kifua nimekibana kwenye bamba la baridi. "Vuta pumzi. Zuia." Akaingia chumba cha pili. Nikasikia mlio. Kisha nikamsikia anaanza kumsimulia mwenzake habari za mpira. Nikazuia. Wakafunga bao la kwanza. Nikazuia. Nilipoanza kuona nyota akatoka akashangaa, "Ah! Mama, pumua!"

Majibu yakatoka. Daktari wa zamu aliinua picha kwenye mwanga akatabasamu. "Mapafu safi kabisa, mama. Kifua chako kizima. Nenda nyumbani."

Nitawaambia ukweli. Nilifurahi. Nilikuwa najua kabisa kwamba hakuna aliyetazama panapouma, lakini nilikuwa na karatasi ya serikali inayosema mzima, na mtu ukitaka kudanganywa unashukuru ukipata wa kukusaidia. Nikaenda sokoni nikawanunulia wengi wenu zile sindano na vitana. Nikakata tiketi ya Ijumaa.

Uani kwa wifi

Alhamisi alasiri wifi alikuwa ananifundisha namna mpya ya kujifunga khanga waliyoianza wanawake wa mjini, inayopita chini ya kwapa na kukazwa ubavuni. Akakaza. Nikapiga kelele.

Mwajuma akaacha kuongea. Mkimjua mtajua hilo ni jambo kubwa. Akaifungua ile khanga polepole, akatazama, akaweka vidole vyake vyenye unga wa mhogo pale pale.

"Hiki nini?"

"Ndicho kifua chenyewe."

"Wifi. Hospitali uliwaambia neno gani?"

"Niliwaambia kifua."

"Kifua kipi? Wewe ni mwalimu! Unafundisha watu wazima kusema!" Akaanza kulia huku ananigombeza. Akaniambia kwamba yeye amenipa kaka yake, hakunipa ili nimwache mjane. Nami nikalia, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya bafuni. Tulilia vizuri, mhogo ukaungua, wapangaji wakaja kuuzima.

Tiketi ya Ijumaa alipewa mpangaji mmoja aliyekuwa anakwenda Lindi.

Daftari la maneno

Dirishani alikuwa karani yule yule. "Unaumwa nini, mama?" Nikafungua mdomo, nikafunga. Wifi akaingiza kichwa dirishani.

"Titi! Anaumwa titi, ndugu yangu! La kushoto!"

Nikangoja ardhi ipasuke. Karani akaandika, akasema, "Chumba cha tatu, upande wa kulia," na kumwita anayefuata. Basi. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa miezi yote ile.

Chumba cha tatu alikuwemo daktari mwanamke, kijana, mwenye sauti ya chini na daftari kubwa lililochakaa pembe. Alinipima kwa mikono, titi, kwapa, shingo, taratibu, akieleza kila anachofanya. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mama, siku ya kwanza kabisa ulipokwenda kwa tabibu, ulitumia neno gani?"

Nikamwambia. Akaandika. Akaniona natazama daftari, akaligeuza nisome. Lilikuwa limejaa maneno tu, ukurasa baada ya ukurasa, na mbele ya kila neno miezi ambayo mwanamke alipoteza. Kifua. Ubavu. Moyo. Bega. Chango. Kifua. Mgongo. Kifua. Kifua.

"Huu ndio utafiti wangu," akasema. "Wenzangu wanatafuta dawa. Mimi nataka kujua kwa nini wanawake wanafika hapa wakiwa wamechelewa. Nilidhani nitaandika umbali na nauli. Kumbe mara nyingi walifika mapema, ila walifika wakiwa na neno lingine."

Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akacheka kidogo, akasema katika daftari lake wamo na wauguzi.

Akaiomba ile picha yangu. Niliona haya, picha ya bure iliyomaliza filamu za taifa. Akaiweka kwenye kioo chenye taa akaitazama kwa muda mrefu, na nikajifunza siku hiyo kwamba picha moja inaweza kujibu maswali mawili. "Haikupotea," akasema. "Ningekupeleka ukapigwe hii hii. Kama kile kivimbe ni kibaya, mahali kinapopenda kwenda ni kwenye mapafu. Hakijafika." Akanieleza kwamba zipo nchi zenye mashine za kulipiga picha titi lenyewe, mpaka kitu kidogo kisichoshikika kwa mkono kikaonekana. Hapa kwetu bado. "Kwa sasa tuna mikono yetu na midomo yetu. Mikono tunayo."

Wakakata kipande kidogo wakakipeleka kwenye darubini. Siku za kungoja majibu wifi alinipikia kila kitu anachokijua. Ilikuwa saratani. Daktari alinishika mkono akaniambia titi lazima liondolewe lote, na kwamba bado niko upande wa wenye matumaini. Nilimwuliza kama angekuwa mama yake angemwambiaje. Akasema, "Ningemwambia aje Jumanne, mama." Nikaenda Jumanne.

Ukuta wa ukumbini

Upasuaji wenyewe siujui, nililala. Nilipoamka kulikuwa na bandeji, kiu, na uso wa mume wangu, aliyefika kwa lori la korosho akiwa amejaa vumbi mpaka kope. Hakuwa amewahi kuniuliza kitu. Sasa akauliza, "Titi linauma?" Vile tu, kwa jina lake. Nikamwambia linauma lile ambalo halipo. Akakaa kitandani akanishika mguu, kwa kuwa ndipo pasipouma, na hakuuachia mpaka muuguzi alipomtoa.

Niliporudi kwa wifi nilipewa zoezi la mkono. Unasimama mbele ya ukuta, unatembeza vidole kupanda juu kidogo kidogo, kila siku upite pa jana. Nilichukua chaki nikawa naweka alama ukumbini. Mpangaji wa chumba cha mwisho aliniona asubuhi tatu mfululizo nikiupapasa ukuta na kuuandika, akaenda kwa balozi kushitaki kwamba mgeni wa Mwajuma analoga nyumba. Balozi akaja. Wifi akamweleza. Balozi akatazama alama zangu, akaniambia nipandishe mkono aone. Nikapita alama ya jana kwa kidole kimoja. Akapiga makofi, na tangu siku hiyo kila asubuhi akipita barabarani anapaza sauti, "Mwalimu, umefika wapi?"

Sokoni

Wifi alisema siwezi kurudi kijijini upande mmoja bondeni. Barazani kwao yupo fundi cherehani, mtu wa Kilwa, akakubali kunishonea sidiria yenye mfuko. Kilichobaki kilikuwa cha kuujaza.

Nikaenda peke yangu kwa muuza sufi, nje ya lile soko jipya lenye paa la miavuli ya zege. Amezungukwa na magunia, nyusi zake nyeupe kwa manyoya ya sufi.

"Karibu mama. Sufi ya mto au ya godoro?"

Watu walikuwa wanapita kila upande. Wachukuzi, wauza nazi, mama mmoja anagombea bei ya kuku. Nikavuta pumzi kama kwenye eksirei, ila safari hii sikuizuia.

"Ya titi!"

Nilipaza zaidi ya nilivyotaka. Muuza kuku akageuka. Muuza sufi hakupepesa macho.

"La upande gani, mama?"

"La kushoto."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa jambo la kazi yake. Akaacha gunia la mbele, akaingia ndani kabisa, akatoka na fungu lililochambuliwa. "Chukua hii, mama yangu. Haina mbegu hata moja. Yenye mbegu itakuchoma ukilala." Akaniambia niweke na punje chache za mtama chini, lipate uzito, lisiwe linapanda shingoni. Fundi akashona, tukajaza, tukapunguza, tukaongeza. Wifi akanizungusha ukumbini mbele ya wapangaji na hakuna aliyejua lipi ni lipi. Yule aliyenishitaki kwa uchawi alionyesha la kulia.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa kavu na basi halikuwa na tatizo hata moja. Mtoni yule mama alinitambua, akanipa kambale bila barua. Nilikuwa na furaha, sitaki kuwaficha. Nilikuwa nakula, nasinzia begani kwa mume wangu, naamka, nakula.

Tulipopita Nangurukuru, abiria wa nyuma akaanza kukohoa. Mwenzake akampa chupa ya dawa. Nikaitazama ile chupa. *Kifua hicho hata mimi kinanisumbua, somo.*

Tulishuka jioni. Begi nikaliacha hapo mlangoni, nikaenda moja kwa moja kwa somo. Akanikumbatia, akalia, akaniletea maji. Sikunywa.

"Somo, ile chupa uliimaliza?"

"Niliimaliza yote, somo. Ahsante."

"Na kikohozi kimepona?"

Akanishangaa. "Kikohozi gani? Mimi nilikohoa lini?"

Nikamwuliza, kifua kipi. Akatazama chini, akakaza khanga, akasema tu, "Hicho hicho." Sikumlazimisha. Ningemlazimishaje, mimi niliyekunywa chupa tatu? Nimekaa siku tano nikiandika karatasi hizi, na yeye ndiye wa kwanza niliyempa. Nilimwambia kama kuna mahali anataka nifute, nitafuta.

Amezisoma leo asubuhi, hapa kibarazani, kwa kidole, mstari kwa mstari, kama nilivyomfundisha. Alicheka penye betri. Alifika penye dirisha la karani, kidole kikasimama chini ya lile neno alilolisema wifi. Kikakaa hapo. Kuku wakapita, mwenye maji akapita akatusalimu.

Kisha akasoma, kwa sauti ya darasani. "Ti. Ti."

Akaliunganisha. Akalirudia. Akaukunja mkono wake kifuani, upande wa kulia, akanyoosha mwingine akalivuta begi langu karibu.

"Usifute," akasema. "Basi ni saa ngapi?"